Jasho la Mwanamke wa Roma na Jasho la Mwanamke wa Nyumbani Mwako



Yako maneno mawili yasemwayo sana juu ya mwanamke na kazi, na yote mawili si kweli, ingawa wasemaji wake hawapatani hata kidogo. La kwanza husemwa na baadhi ya vijana wetu waliosoma vitabu vya Kizungu: ya kwamba ustaarabu ulizaliwa Ugiriki ukalelewa Roma, ya kwamba sheria ya haki ilianzia kwa Warumi, na ya kwamba mwanamke wa huko alikuwa akifungua duka lake na kuuza na kununua wakati sisi Waislamu tumewafungia wake zetu milango. La pili husemwa na baadhi ya wazee wetu barazani: ya kwamba mwanamke kufanya kazi ya ujira ni bidaa iliyokuja na meli za Wazungu, na zamani mwanamke alikuwa akikaa ndani, akiletewa.

Tafadhali nifuate leo mpaka Roma yenyewe, tukaone kwa macho. Sitakupeleka kwa wafalme na majemadari, maana hao wana wasifiaji wa kutosha. Nitakupeleka makaburini na ukutani.

Wakubwa wa Roma walioandika vitabu hawakujishughulisha na muuza kunde wala msusi. Walimwona mtu wa kazi ya mkono kuwa duni, seuze akiwa mwanamke. Lakini wale wanawake wenyewe, au waume zao, au watumwa wenzao, walipokuwa na visenti walichongesha jiwe la kaburi, na juu ya jiwe wakaandika jina na kazi. Mawe hayo yapo mpaka leo, na mtu akiyasoma moja baada ya moja husikia soko zima likipiga kelele.

Yumo Abudia Megiste, aliyekuwa akiuza nafaka na kunde katika mji wa Roma. Yumo Sellia Epyre, fundi wa nguo za nyuzi za dhahabu, naye kazi yake ilikuwa katika ile njia mashuhuri iitwayo Via Sacra. Yumo Septicia Rufa, wa kufua dhahabu mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Huko Ostia, iliyokuwa bandari ya Roma, limepatikana jiwe la karne ya 2 Miladia lenye picha ya mwanamke nyuma ya meza ya biashara: kuku wananing'inia, sungura wamo tunduni, konokono wamo kikapuni (ndiyo, Warumi walikuwa wakila konokono), na pembeni wamekaa kima wawili. Kima wa nini dukani? Wataalamu husema ni wa kuwavuta wateja, na mimi naamini, kwani hata katika soko zetu mtu mwenye kasuku hakosi watu mbele yake.

Na karibu na Ostia, katika makaburi ya Isola Sacra, liko kaburi la mkunga, jina lake Scribonia Attica. Mumewe alikuwa tabibu wa kupasua. Juu ya kaburi imetengenezwa picha ya udongo: mwanamke mwenye uchungu amekaa juu ya kiti cha kuzalia, mmoja amemshika kwa nyuma, na mkunga amekaa mbele yake, mkono umenyooshwa na uso ameugeuza upande. Kila mama asomaye maneno haya ataelewa kwa nini mkunga ameugeuza uso. Amemsitiri mwenziwe. Picha hii ina umri wa karibu miaka 1,900, na mkunga yeyote wa Lamu au wa Pemba angemtambua dada yake.

Basi tuwajibu wazee wetu kwanza: mwanamke kufanya kazi si jambo la jana. Hapana taifa lililopata kula bila ya mikono ya wanawake wake.

Ama kijana wetu, asifurahi upesi. Yeye ameona duka, akadhani ameona uhuru. Nasi tumwulize swali moja tu, ambalo ndilo swali la makala hii nzima: ule ujira aliokuwa akiupata mwanamke wa Roma, ulikuwa wa nani?

Chukua wale wa nyumba ya Livia, mke wa Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma. Mwaka 1726, kando ya njia ya Via Appia, lilichimbuliwa jengo la makaburi ya watumwa wa nyumba yake na wale aliowaacha huru. Kuta zake zimejaa vijitundu vya kuwekea majivu ya maiti, na majina yake ni ya watu wa kazi: wasusi, washonaji, wakunga, wajakazi wa kumfuata bibi anapotoka, wapimaji wa sufu wanayopewa wasokotaji. Kila kazi na mtu wake. Sasa sikiliza. Mwandishi Suetonius ametuhadithia kwamba Augustus alipenda kuonekana amevaa nguo za nyumbani zilizofumwa na dada yake, mkewe, binti yake na wajukuu wake wa kike. Alitaka watu waseme: tazameni, nyumba ya mfalme bado ina adabu za wahenga! Yawezekana hao mabibi walishika uzi, sibishi. Lakini nyumba inayofuma nguo zake kwa mikono ya mabibi ina haja gani ya mpimaji wa sufu za wajakazi? Sifa ilikuwa ya bibi, na vidole vilivyochubuka vilikuwa vya mtumwa.

Huko Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79 Miladia, katika nyumba moja limeonekana ukutani daftari la sufu. Limeandikwa jina la mwanamke na sehemu yake ya kusokota kwa siku: Amaryllis, Ianuaria, Damalis, Doris na wengine. Ni majina ya namna waliyokuwa wakipewa watumwa. Hapana mahali palipoandikwa malipo yao. Palipimwa kazi, basi.

Naye mtumwa katika sheria ya Roma hakuwa na kitu chake. Alichochuma ni cha bwana wake. Bwana akimpa ruhusa ya kuweka akiba kidogo, akiba hiyo nayo ni ya bwana, na aitakapo huichukua. Wengi walikusanya hivyo senti kwa senti wakajinunua wenyewe, yaani walimlipa bwana kwa mali ambayo sheria imekwisha kusema kuwa ni yake bwana! Na wapo walioachwa huru wakaolewa na yule yule aliyekuwa akiwamiliki. Abudia Megiste, yule muuza kunde, jiwe lake lasema hivyo: aliyemwacha huru na mumewe ni mtu mmoja. Huenda walipendana. Lakini alikuwa na nafasi gani ya kusema la?

Ama mwanamke muungwana, kijana wetu atasema, huyo si alikuwa na mali yake? Tuwe waadilifu kwa mpinzani, kwani Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia. Zama za wafalme, mke wa Kirumi mara nyingi mali yake haikuwa ya mumewe. Hilo ni kweli, na baadhi ya mataifa ya Ulaya hawakulifikia mpaka karne ya 19. Lakini haikuwa ya mumewe kwa sababu gani? Kwa sababu ilikuwa ya baba yake! Maadamu baba yu hai na hajamtoa mkononi mwake kwa sheria, binti wa miaka 40 mwenye watoto na duka hana hata shilingi moja iliyo yake kisheria. Yeye na mtumwa katika hilo walikuwa ndugu. (Na mwana wa kiume vile vile, lakini leo hatuna shauri naye.) Na baba akifa, mwanamke huwekewa msimamizi, mwanamume, ambaye bila ya idhini yake hawezi kuuza shamba, wala kumwacha huru mtumwa, wala kuandika wasia.

Augustus alizilegeza kamba hizi kwa sharti: muungwana akizaa watoto watatu, na aliyekuwa mtumwa akizaa wanne, anaachiliwa na msimamizi. Yaani mamlaka juu ya mali yake mwenyewe aliyanunua kwa tumbo lake. Gaius, mwanasheria wao wa karne ya 2, alikiri kwamba sababu walizokuwa wakizitoa za kuwawekea wanawake wazima wasimamizi zilikuwa za kupendeza masikioni kuliko kuwa za kweli. Mtu wao mwenyewe huyo, si mimi.

Mtu atasema: na nyinyi mna walii. Ndiyo, tunaye, na kazi yake ni nikaha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mwanamke baleghe mwenye akili timamu huuza nyumba yake na kuitoa wakfu pasi na kumwuliza baba wala mume.

Na walikuwapo matajiri wa kike, tusiwafiche. Pompeii alikuwapo Eumachia, aliyejenga jumba kubwa kando ya uwanja mkuu wa mji, na mafundi wa kufua na kusafisha nguo wakamsimamishia sanamu. Alikuwapo Julia Felix, aliyeandika tangazo ukutani kwamba anakodisha hamamu yake, maduka na vyumba vya juu kwa muda wa miaka mitano. Mabibi hawa huwekwa mbele katika vitabu, na msomaji akitoka hapo hudhani amekutana na wanawake wa Roma. Mtu akija Mombasa akaonyeshwa jumba la tajiri mmoja, je, amekwisha kujua wanavyoishi wapika vitumbua?

Mji huo huo ulikuwa na duka la chakula na mvinyo la mwanamke aitwaye Asellina. Ukutani pake yameandikwa matangazo ya kuwaombea kura wagombea wa uongozi wa mji, kwa majina ya wanawake: Asellina mwenyewe, Zmyrina, Aegle na Maria. Mwanamke alikuwa hana kura Roma. Wanawake hawa walipiga kampeni katika uchaguzi wasioweza kuupigia kura, na wagombea walikubali jina la mwenye duka liwafae.

Heshima ya mwenye kuhudumu

Nimefika mahali ambapo kwangu mimi ndipo pazito kuliko pote, nakuomba usinipite.

Mwaka 326 Miladia mfalme Constantine, yule yule aliyeufungulia mlango Ukristo katika dola ya Roma, alitoa sheria juu ya zinaa katika maduka ya mvinyo. Iliamriwa iulizwe kwanza: huyu mwanamke aliyeshtakiwa, ni bibi mwenye duka au ni mtumishi? Akiwa ni bibi, sheria inamhusu. Akiwa ni mtumishi wa kuwamiminia watu vinywaji, mashitaka yaachwe. Je, ni kwa huruma? La hasha. Ni kwa sababu, kwa maana ya sheria hiyo, maisha yake ni duni mno hata hastahili kutazamwa na sheria.

Fahamu maana yake, ndugu yangu. Sheria haikusema kwamba hakutenda dhambi. Ilisema hana heshima ya kuvunjwa. Mwanamume aliyemwendea hakumvunjia mtu kitu. Na kwa nini hana heshima? Kwa sababu ya kazi yake. Kushika jagi na kikombe mbele ya wateja kwa ajili ya mkate wake kulitosha kumtoa katika idadi ya watu ambao utu wao hulindwa. Wacheza michezo ya kuigiza walikuwa katika hali ya namna hiyo hiyo: sheria ya Augustus ilimkataza mtu wa ukoo wa baraza la Senati kuwaoa, na mashabiki wa usiku walikuwa hao hao.

Na wale walioshukia kwenye umalaya, wengi wao watumwa waliopelekwa huko na mabwana zao, dola iliwaona walipokuwa na fedha tu. Mfalme Caligula aliwawekea kodi kwa kipimo cha kile wanachopata kwa mteja mmoja. Aibu ilikuwa yao, bwana alichukua mapato, na hazina ya Roma nayo ikapewa fungu. Hii ndiyo sheria iliyosifiwa kuwa mwanga wa dunia.

Sasa fungua Mas-hafu yako, Surat An-Nur, aya ya 33. Humo Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amewakataza watu kuwashurutisha wajakazi wao katika uzinifu kwa tamaa ya pato la dunia, na anayeshurutishwa ameahidiwa msamaha na rehema. Mtumwa mwanamke ametazamwa na sheria. Ana heshima ya kuvunjwa, na anayeivunja ana wa kumwuliza.

Kisha fungua Surat An-Nisaa, aya ya 32. Humo wanaume wamewekewa fungu katika walichokichuma, na wanawake wamewekewa fungu katika walichokichuma. Halikutajwa sharti la kuzaa watatu wala wanne.

Tazama pia jambo la kunyonyesha, kwani hiyo ilikuwa kazi kubwa ya wanawake maskini wa Roma. Uko mkataba wa Alexandria, wakati Misri imekwisha kutekwa na Roma, wa mwaka 13 kabla ya Miladia. Mwanamke aitwaye Didyma anakubali kumnyonyesha mtoto wa kitumwa kwa miezi 16, kwa drakma 10 za fedha kila mwezi na mafuta kidogo, na anafungwa na masharti, mojawapo asikaribiane na mwanamume. Didyma alikuwa na bahati, alikuwa huru, ujira ulimfikia. Wengi wa wanyonyeshaji walikuwa watumwa. Maziwa yalitoka kifuani mwao, fedha ikaingia mfukoni mwa bwana, na mtoto wao wenyewe alinyonya kilichosalia. Qur'ani imeyasema haya kwa uwazi katika Surat At-Talaq, aya ya 6: hata mama mwenyewe aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto wa yule aliyemwacha, apewe ujira wake. Yeye apewe.

Bibi Khadija (r.a.) alikuwa tajiri wa misafara, na Mtume wetu (s.a.w.) alikwenda Sham na bidhaa zake kabla ya kumwoa. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud (r.a.), alikuwa na mali na mumewe hana, akaenda kumwuliza Mtume (s.a.w.) kama itamfaa kumpa sadaka mumewe. Akajibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Waume wenzangu, lishikeni neno hili: sadaka. Mkeo anapokupa mshahara wake anakupa sadaka kama ampavyo maskini. Wewe ni wa kushukuru.

Usicheke bado

Najua hapa msomaji wangu amekwisha kukaa sawasawa kitini, anatabasamu, anaona tumewashinda Warumi. Subiri.

Uislamu uliukuta utumwa na ukafungua milango mingi ya kuutoka, lakini babu zetu wa pwani hawakuwa na haraka ya kupita milango hiyo. Sheria ya Unguja iliuondoa utumwa mwaka 1897, ya pwani ya Kenya mwaka 1907, na zote ziliandikwa kwa shinikizo la Waingereza. Mpaka hapo, majumba yale ya mawe tunayojivunia yalikuwa na wajakazi wao wa kuteka maji na kutwanga, na jasho lao halikuandikwa popote. Hata jiwe la kaburi hawana wengi wao. Amaryllis wa Pompeii angalau jina lake linasomeka ukutani.

Na leo? Mimi sizungumzi na Caligula, amekufa. Nazungumza na wewe.

Dada yako anashona kofia miezi mitatu, macho yanamwuma, wewe unaipeleka sokoni kwa sababu yeye hatoki. Umeiuza kwa kiasi gani, na yeye umemwambia umeuza kwa kiasi gani? Binti yako ameolewa, mahari umeyapokea wewe, ukafanyia karamu. Surat An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wapewe wao wanawake mahari yao, na haikumtaja baba. Mkeo ni mwalimu, na kila mwisho wa mwezi huweka mshahara mkononi mwako, kisha anakuomba nauli. Wa Roma angalau alikuwa na sheria ya kumwonea. Wewe umeitoa wapi yako? Yuko mwanamke wa pwani aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, analala saa nne, kila mwezi anatuma fedha, na kaka yake amejenga nyumba nzuri, hati imeandikwa jina la kaka. Akirudi ataonyeshwa chumba cha wageni.

Na jikoni kwako yuko msichana, labda ametoka bara, labda ametoka shamba. Ameamka kabla ya adhana ya alfajiri, na atalala baada ya wewe kuzima taa. Wageni wakimtazama vibaya anapoleta chai barazani, unasema nini? Ukisema, "Aa, huyo ni mtumishi tu," basi umeisoma sheria ya Constantine bila ya kujua Kilatini.

Mshahara wake wa miezi miwili umeuzuia, unasema unamwekea asije akauchezea. Mtume (s.a.w.) amehimiza mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. La huyu limekauka mara 60.

Utanijibu, kama nilivyokwisha kujibiwa na watu wa heshima zao, kwamba msichana huyo hana shida: anakula kwako, analala kwako, na Idi umemnunulia nguo. Cato, bwana shamba wa Kirumi aliyeishi zaidi ya miaka 150 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), ameacha kitabu cha kilimo ambamo ameandika haki za watumwa wake: ngano kwa mwezi kwa kipimo, mvinyo kwa kipimo, mafuta na chumvi, kanzu, na blanketi kila baada ya miaka miwili, huku lile kuukuu likirudishwa lishonwe viraka.